Nilipaka filta rangi ya kucha, shemeji akairudisha vile vile

Shangazi salaam aleikum. Naandika saa hii watoto wamelala na simu iko na chaji kidogo, nikisema nitaandika kesho najua sitaandika tena, kwa hiyo nisamehe kama mambo yatachanganyika.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Bombo, Uganda. Baba watoto ni mwanajeshi, toka mwezi wa 2 mwaka jana yuko Somalia. Sente za misheni yake ya kwanza ndo zilinunua gari, Prado ya zamani, dizeli 3.0, otomatiki, si gari ya kuringia lakini siku alipoileta nyumbani mama mkwe alisafiri toka Koboko kuja kuiombea dua na mpaka leo tasbihi yake inaning'inia kwenye kioo. Hiyo gari ndo inatupeleka Kawempe kila siku, watoto shule na mimi kwa duka langu la vitenge, tunarudi jioni, ni kama kilomita 60 kwenda na kurudi. Jirani akishikwa na uchungu usiku, ni hiyo gari. Matanga, arusi, kisomo, ni hiyo gari. Ukoo mzima unaijua.

Kabla hajaondoka baba watoto alifanya kitu kimoja. Alichukua karatasi ya manila akaandika ratiba ya sevisi kwa kalamu nyekundu na nyeusi akaibandika ndani ya mlango wa kabati ya vyombo. Kila 5,000 oili na filta ya oili. Kila 20,000 filta ya dizeli. Kila 40,000 oili ya giaboksi, oili ya difu mbele na nyuma, maji ya breki. Alafu chini kabisa: belti ya taimingi, 200,000, BILA KUKOSA, akapiga mistari miwili. Na kila Jumapili akipata netiwaki ananipigia, akishasalimia watoto swali la kwanza kwangu ni "inasoma ngapi?" na mimi natoka na simu mpaka kwenye gari namsomea namba. Mwanzo nilikuwa naumia, nikawa naona anapenda gari kuliko mimi. Baadaye nikaizoea, sasa ikifika Jumapili saa kumi nakaa karibu na funguo.

Sasa tatizo. Fundi wetu ni mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, ana gereji yake ndogo. Baba watoto alisema gari isiguswe na mkono mwingine. Kwa hiyo kila kilomita 5,000 zikifika namtumia shemeji laki tatu na nusu kwa simu, anakuja asubuhi anachukua gari, jioni anairudisha imeoshwa inang'aa, na stika mpya chini ya boneti imeandikwa tarehe na kilomita. Tumefanya hivyo mara tano.

Mwezi wa 5 mwaka huu namba ikavuka 200,000, ikawaka taa kwenye dashibodi imeandikwa T-BELT. Baba watoto alikuwa anaisubiri hiyo taa kama mtu anasubiri mwezi wa Idi, akatuma laki nane kwa mdogo wake siku hiyo hiyo. Gari ikakaa gereji siku mbili, ikarudi taa imezima. Wote tukafurahi.

Kama wiki mbili baadaye nimepeleka gari kuoshwa injini, kuna kijana pale anaosha, alishafanya kazi gereji zamani, akaniita, "mama, hii kava ya belti mbona kama haijafunguliwa?" Akanionyesha boliti, vumbi na oili vimegandana mpaka kichwa cha boliti hakionekani, hakuna hata mkwaruzo wa spana. Shangazi nilimkasirikia huyo kijana. Nilimwambia anataka kuniharibia nyumba, nikamlipa nikaondoka hata chenji sikungoja.

Lakini usingizi ukakataa. Ikakaribia sevisi ya mwezi wa 8, nikarudi pale pale, nikamsubiri huyo kijana asiwe zamu, gari ikapanda juu ya rampu nikaingia chini na tochi ya simu. Nilikuwa na chupa yangu ya rangi ya kucha, nyekundu. Nikapaka alama kwenye filta ya oili, kadogo tu kama punje ya mchele, upande ambao mtu haoni haraka. Nikatuma laki tatu na nusu kama kawaida. Gari ikarudi jioni, inang'aa, stika mpya. Asubuhi nikaenda nikainama chini tena.

Punje ya mchele iko pale pale.

Nikavuta kile kijiti cha kupimia oili, nyeusi kama masizi ya sufuria. Nikafungua kichupa cha maji ya radieta, maji yana rangi ya chai kavu na baba watoto aliweka ya rangi nyekundu. Nikakaa juu ya ndoo pale uani nikalia.

Sasa ungedhani jibu ni rahisi, huyu mtu mwizi, sema basi. Lakini Shangazi, huyu shemeji ndo alinibeba usiku wakati mimba yangu ya nne ilipotoka, baba watoto hayuko, alikaa hospitali siku tatu anapika uji kwenye jiko la pale nje. Alafu mtoto wake wa pili ana sikoseli. Anaingia hospitali anatoka anaingia tena, mwaka huu tu nimehesabu mara nne. Mimi najua hizo sente zimeenda wapi. Hajanunua pikipiki, hajaoa mke wa pili. Zimeenda kwa mtoto. Na marehemu mzee wao kabla hajafa aliwashikanisha mikono hao ndugu wawili mbele yetu wote, akasema msije mkaachana. Baba watoto akijua, namjua hasira zake, hawatazikana.

Na mimi nimeshakuwa muongo. Jumapili ya baada ya sevisi aliniuliza nikamwambia imefanywa safi kabisa. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Sasa ni mwezi wa 10, namba inasoma 204,900.

Kinachonisukuma kuandika ni arusi. Mwezi wa 12 wifi yetu mdogo anaolewa Koboko. Baba watoto amesema twende wote na Prado, mama mkwe tumpitie Arua, na anayeendesha ni shemeji, na mke wake na watoto wake ndani. Watu tisa na mizigo juu. Kila nikipanga nguo za watoto naiona ile belti.

Nimwambie mume wangu? Nimkabili shemeji? Au ninyamaze, nitafute sente kimya kimya nitengeneze gari mwenyewe?

Mama Watatu, Bombo


SHANGAZI ANAJIBU

Aleikum salaam mwanangu. Pole sana, na pole ya mimba pia, umeiweka katikati ya mambo ya gari kama kitu kidogo lakini nimeiona na nimesimama pale kwanza.

Nimesoma barua yako mara tatu. Ninavyoielewa ni hivi: mumeo aliacha ratiba, ratiba ikakabidhiwa ndugu yake, wewe ukawa mtu wa kutuma sente na kusoma namba, na sasa umegundua kwamba kati ya karatasi ya kabatini na injini kuna shimo. Unajua jambo ambalo mumeo hajui, linamhusu ndugu yake wa damu ambaye alikubeba wakati wa shida, na kuna safari ya karibu kilomita 500 inakuja na watoto ndani. Huo mzigo umeubeba peke yako toka mwezi wa 8. Si ajabu usingizi umekataa.

Kabla sijasema lolote la ndugu niliona niulize la gari, nikaenda kukaa na mzee mmoja fundi wa dizeli ambaye ameshika hizi injini toka nywele zake nyeusi. Nilimsomea barua yako bila kumwambia wewe ni nani. Kuna alivyosema ambavyo vitakupunguzia, na kuna vitakavyokuongezea, nakupa vyote.

Kwanza ile oili nyeusi. Hiyo mwanangu iondoe kwenye ushahidi. Injini ya dizeli inatengeneza masizi, na oili kazi yake mojawapo ni kuyabeba, kwa hiyo oili mpya ya leo inaweza kuwa nyeusi kesho yake tu, hasa injini ikiwa ya umri. Ukivuta kijiti ukakuta nyeusi huwezi kujua kama ina siku moja au ina mwaka. Kwa hiyo inawezekana, sisemi ndivyo, inawezekana shemeji alimwaga oili akaweka mpya akaacha filta ya zamani. Hiyo pia ni makosa, kwa sababu filta iliyojaa ikiziba kuna valvu ndani inafunguka na oili inapita bila kuchujwa, uchafu unaenda kula vyuma. Lakini mtu aliyeruka filta na mtu aliyekula sevisi nzima mara tano si mtu mmoja. Wewe alama uliweka mara moja. Unachokijua kwa hakika ni sevisi moja, filta moja.

Maji ya radieta ya rangi ya chai kavu, hilo mzee hakulipenda. Hiyo ni kutu. Maana yake mtu amekuwa akiongezea maji ya bomba, na inaweza kuwa hata wewe au kijana yeyote mliyemwambia aongeze njiani. Hizi Prado za dizeli za zamani, alisema, kichwa cha injini kinajulikana kwa kupasuka gari ikichemka, na likishapasuka ni gharama ya kulia. Na ratiba ya mumeo, nzuri kama ilivyo, haina mstari wa maji ya radieta. Nimeipitia mara mbili sijauona. Tafadhali usifungue kifuniko cha radieta injini ikiwa na moto, fungua asubuhi gari ikiwa imelala, mvuke wake unababua uso.

Sasa belti. Ile taa ya T-BELT watu wengi hawajui kwamba haioni belti. Inahesabu kilomita tu. Zikifika inawaka, na kuna namna ya kuirudisha ianze kuhesabu upya, dakika chache tu, belti hata haijaguswa. Kwa hiyo taa kuzima haikuambii kitu chochote. Vumbi lililogandana kwenye boliti linakuambia zaidi, na yule kijana alikuwa na jicho la kazi. Lakini hata hapo mzee alisema kitu cha kufanya kabla ya kumhukumu mtu: fundi anafungua kava ya juu tu, haichukui muda, na unaiangalia belti kwa macho. Belti mpya maandishi yake bado yanasomeka mgongoni, jina la kampuni na namba, na kingo zake ziko safi. Iliyochoka maandishi yamefutika, inang'aa, ina nyufa ndogo ndogo, wakati mwingine imelowa oili. Hutahitaji mtu akutafsirie, utaona.

Kama ni ya zamani, mwanangu, hilo halingoji mwezi wa 12 wala halingoji mumeo na nduguye wapatane. Belti ya taimingi haikupi dalili kama breki zinavyopiga kelele. Inakatika, na valvu zinakutana na pistoni, injini inazima hapo hapo ukiwa kwenye mwendo, na usukani unakuwa mzito ghafla mkononi, na breki nazo ukikanyaga mara chache tu zinakuwa nzito. Fikiria hiyo mnateremka kuelekea daraja la Karuma, watu tisa na mizigo juu. Au kule mbele kati ya Karuma na Pakwach, mbuga upande mmoja, giza, nyani na tembo ndo majirani. Sikutishi. Wewe mwenyewe umesema unaiona belti ukipanga nguo za watoto, na mimi naona macho yako yanaona sawa.

Kwa hiyo ninachokuomba ufikirie ni kama hayo mambo mawili yanaweza kutenganishwa: gari iangaliwe sasa, na ya ndugu yachukue muda wake. Kwenye barua yako yamefungwa pamoja, kwamba huwezi kugusa gari bila kulipua familia. Labda ni kweli. Lakini tujaribu kuligeuza kidogo. Mumeo ukimwambia Jumapili, "baba, mimi na hii belti sijatulia, kuna mtu ameona boliti hazijafunguliwa, nataka kava ifunguliwe nione kwa macho kabla hatujapakia watoto," hapo hujamtaja mdogo wake kuwa mwizi na hujasema uongo. Umesema ulichokiona. Mtu aliyepiga mistari miwili chini ya neno belti sidhani atakataa. Hatari yake ni kwamba atauliza nani ameona, lini, mbona hukusema toka mwezi wa 5, na mdogo wangu anasemaje, na wewe utakuwa kwenye simu yenye netiwaki ya kukatika katika ukijaribu kujibu. Ukichagua hiyo njia jiandae na majibu ya ukweli hata kama ni mafupi, kwa sababu ukimwambia nusu halafu ukafunika nusu nyingine kwa uongo mpya utakuwa umejichimbia zaidi.

Na kuna jambo la mahali alipo. Mtu akiwa kazini kama ile, kichwa chake kinatakiwa kiwe pale. Wake wengi wa wanajeshi wananiandikia wanaficha matatizo ya nyumbani kwa sababu hiyo, na wana haki ya kufikiria hivyo. Ila nimewasikia pia waume wakirudi wakisema kilichowauma si tatizo, ni kwamba kila mtu alijua isipokuwa wao. Wewe unamjua wako, mimi simjui. Umeniandikia hasira zake, lakini pia umeniandikia mtu aliyekaa na kalamu mbili na karatasi ya manila ili nyie msikwame barabarani. Hao ni mtu mmoja. Unadhani yupi kati yao atapokea hiyo simu?

Turudi kwa shemeji. Hapa nataka nikuulize kitu kwa upole. Unasema unajua sente zimeenda kwa mtoto. Unajua, au unamtakia? Nauliza kwa sababu umemtungia sababu nzuri kwa moyo mzuri, na inaweza kuwa kweli kabisa, sikoseli inamaliza nyumba, damu, dripu, dawa, usafiri, kukosa kazi kila mtoto akilazwa. Lakini yeye hujamuuliza. Na kuna jambo moja linanisumbua kwenye barua yako ambalo sijui kama wewe limekusumbua: huyu mtu amekubali kuendesha hiyo gari mpaka Koboko na watoto wake mwenyewe ndani, na yule mgonjwa. Fundi anayejua hakubadilisha belti anapakia wanawe? Labda belti imebadilishwa na kava ikafungwa kwa boliti zile zile chafu. Labda anapanga kuibadilisha kabla ya safari na anatafuta sente mpaka sasa. Labda amejipa moyo kwamba itafika. Labda mumeo alimdai au anadaiwa naye, na kuna makubaliano yao wawili wewe huyajui. Mimi sijui ni lipi. Ninachojua ni kwamba majibu yote yako kwa mtu mmoja, na anakuja kwako kila baada ya kilomita 5,000.

Kumkabili kuna namna. Ukienda gerejini mbele ya vijana wake ukamwonyesha filta yenye rangi, umemvua nguo, na mwanaume aliyevuliwa nguo mbele ya wanafunzi wake hatakuambia ukweli, atakuambia kelele. Ukimwita nyumbani, chai, watoto nje, mkiwa na mke wake au bila mke wake kama unavyoona, ukamwambia, "shemeji, ulinibeba siku ile, sijasahau, kwa hiyo nakuja kwako kabla sijaenda kwa mtu mwingine yeyote," hilo ni jambo jingine. Unaweza hata usianze na filta. Anza na mtoto. Muulize mwaka umekuwaje. Inawezekana akasema mwenyewe. Inawezekana pia akakataa katakata, akampigia kaka yake kabla yako, akasema mke wako ananichunguza kwa rangi ya kucha. Lazima ulijue hilo kabla ya kuweka chai mezani.

Ile njia ya tatu, kutafuta sente kimya utengeneze mwenyewe, naielewa, wanawake wengi ndo tunafanya hivyo, tunaziba. Gari itapona. Lakini Bombo si mji wa kuficha Prado kwenye gereji ya mtu mwingine siku mbili, shemeji atajua kabla jua halijazama. Na zikifika 5,000 nyingine utatuma tena laki tatu na nusu? Utatuma ukijua?

Kuna kitu wenye magari wengi wanafanya na hakimtukani mtu, labda kitakufaa kwa mbele, uchague njia yoyote ile. Vipuri unanunua mwenyewe, unaenda Kisekka, soko la vipuri pale Kampala, na filta ya zamani mkononi au namba ya gari, unanunua oili kwa lita zake, unaleta, fundi unamlipa ufundi wake peke yake. Na vya zamani vinarudi nyumbani kwenye mfuko, filta, belti, vyote. Hata mafundi waaminifu wanapenda hivyo maana inawaondolea lawama. Na shemeji akiwa bado ndo fundi, sente za ufundi zinabaki kwake, hajanyang'anywa chakula. Ubaya wake ni kwamba inatengeneza kesho bila kusema chochote kuhusu jana, na ile jana mumeo ana haki nayo, ni sente zake na ni ndugu yake.

Kuhusu kumwendea mtu mzima wa upande wao, shangazi yao wa Koboko au mama mkwe, hilo ni la desturi na ni zuri, kwa kawaida hapo ndo ndugu wanapatanishwa bila mwanamke aliyeolewa kuonekana amewagombanisha. Lakini miezi miwili kabla ya arusi? Neno likitoka kwa mama mkwe leo, ijumaa liko Yumbe. Mimi ningelifikiria mara mbili wakati wake, si mtu wake.

Ratiba yenyewe nataka niseme kidogo kwa sababu nimeipenda. Hiyo 5,000 ni sawa kwa gari yenu, kijitabu cha gari kinatenganisha matumizi ya kawaida na magumu, na vumbi, jamu, na mizigo mizito vyote viko upande wa magumu, na barabara yako ya Kawempe asubuhi wewe unaijua kuliko mimi. Ila maji ya breki yeye ameyaweka kwa kilomita 40,000. Yale huchoka kwa muda pia, yanavuta unyevu wa hewa, wengi hubadilisha kila miaka miwili hata kama gari haijatembea. Wewe kwa mwendo wako miaka miwili inatimia kabla ya hizo 40,000. Na kabla ya safari breki zenyewe na matairi viangaliwe, polisi wa trafiki wakikusimamisha na breki mbovu watakuandikia DMC, yaani gari yenye ubovu wa hatari, na hiyo ndo bahati nzuri kati ya yanayoweza kutokea. Ongeza mstari wa breki na mstari wa maji ya radieta kwenye manila, kwa mwandiko wako. Yeye akirudi akakuta mwandiko wako chini ya wake sidhani atakasirika.

Ule uongo wa Jumapili mbili, umeuita uongo mwenyewe kwa hiyo sitaupamba. Lakini ulikuwa na wiki moja tu toka ulipokaa juu ya ndoo ukilia, na yeye yuko mbali, na swali lilikuja haraka. Watu wengi wangejibu ulivyojibu. Jumapili bado zinakuja. Namba unayomsomea ni ya kweli kila wiki, hukuwahi kudanganya namba, na naona huwa unakaa karibu na funguo kumsubiri. Kuna mlango pale, unaweza kuufungua kwa jambo la gari tu kwanza, na mengine yakafuata siku netiwaki ikiwa nzuri na sauti yake imetulia, au ukangoja likizo yake kama ni karibu mkae uso kwa uso. Nyakati zote hizo mbili zina hasara zake, na nadhani umeshaanza kuzipima kabla hujaniandikia.

Ya mtoto mgonjwa hayaishii kwa filta. Hata ikionekana shemeji hakula hata shilingi, bado ukoo wenye gari ya kwenda arusi unaweza kukaa chini ukajiuliza nani anamsaidia kulipa damu. Labda hilo ndo zungumzo linalostahili kufanyika Koboko mbele ya wazee, lisemwe wazi kama mchango, si liibiwe kwenye sevisi. Lakini ni lenu, nyie ndo mnajua wazee wenu.

Niandikie kava ikishafunguliwa, niambie maandishi ya belti yalisomeka au hayakusomeka. Na ukipita pale pa kuoshea magari, msalimie yule kijana, mpe na chenji aibakishe. Aliinama akaona boliti akakuita, na hakukuomba kitu.

Shangazi